Perege anakula lakini hakui: kutafuta kosa kati ya wanga na madini

Malalamiko yanayonifikia hufanana. Samaki wanakimbilia chakula lakini uzito hausogei. Mmoja amepasuliwa, ini limekutwa limepauka na limejaa tumbo zima. Wengi wamekufa siku moja baada ya kuhamishwa. Na karibu kila anayeuliza huwa ameshaongeza kitu kwenye chakula: premiksi (mchanganyiko wa madini na vitamini) mara mbili ya kipimo, unga wa mifupa, au kromiamu aliyoambiwa kwamba inashusha sukari ya samaki. Ameongeza kabla ya kupima. Kazi hapo inakuwa ngumu, maana sasa huenda kuna makosa mawili badala ya moja.

Nimepanga mwongozo huu kwa dalili. Ndani ya kila dalili, chanzo kinachokutwa mara nyingi kimetangulia na cha nadra kimekuja mwisho. Uufuate mpangilio huo hata kama moyo unakutuma kwenye kopo la madini. Madini yana kazi kubwa katika namna samaki anavyotumia sukari, lakini hayawezi kurekebisha chakula chenye wanga kupita kiasi.

Kwanza uelewe samaki na sukari

Kuku au nguruwe akila wanga, sukari hupanda kwenye damu na kushuka baada ya saa chache. Kwa samaki hushuka polepole sana. Trauti aliyepewa dozi moja ya glukosi anaweza kukaa na sukari ya juu kwa zaidi ya saa 24. Wapo wanaosema samaki hana insulini, homoni inayoshusha sukari ya damu. Anayo. Mwaka 1922, mtafiti J.J.R. Macleod alifanya kazi na samaki wa baharini huko St. Andrews, Kanada, akaonyesha kwamba insulini imo kwenye vifundo vidogo vilivyojitenga na sehemu nyingine ya kongosho. Tatizo liko kwingine. Insulini ya samaki huchochewa zaidi na protini kuliko na sukari, misuli yake huchukua glukosi kwa uvivu, na kwa samaki wala nyama ini huendelea kutengeneza glukosi mpya hata pale damu inapokuwa imeshajaa.

Kwa hiyo kila aina ina kiwango chake. Kwa trauti, samoni na samaki wengi wa baharini, wanga unaomeng'enyeka usivuke 20% ya chakula. Kambale anavumilia hadi karibu 25 au 30%. Perege na kapi wanafika takriban 40%, tena wakiwa wakubwa; vifaranga wapewe pungufu ya hapo.

Vifaa vya kuwa navyo: mizani inayosoma gramu, kisu kikali, sahani nyeupe, chupa ya aidini ya kupaka vidonda, glasi ya maji, kipima oksijeni, na ukiweza kipima sukari cha binadamu. Pasua samaki watano wenye dalili na watano wanaoonekana wazima wa umri uleule. Muue kwanza kwa pigo moja la haraka kichwani. Usimpasue akiwa hai. Samaki mmoja peke yake hatoshi kukuonyesha chanzo.

Dalili ya kwanza: wanakula vizuri lakini uzito hausogei

Hii ndiyo inayoripotiwa kuliko zote, na ina vyanzo vingi kuliko zote.

Anza na maji. Pima oksijeni alfajiri, kabla jua halijachomoza, maana ndipo inapokuwa chini kabisa. Ikiwa chini ya miligramu 3 kwa lita, hakuna haja ya kuendelea kusoma sehemu hii. Rekebisha hewa ya maji kwanza. Kusaga na kutumia chakula kunahitaji oksijeni nyingi, na samaki anayekosa pumzi hula bila kunufaika. Pima pia chakula chenyewe kwa mizani. Kopo la kukadiria hudanganya, kwa sababu chakula kipya na cha zamani havina uzito sawa kwa ujazo mmoja.

Maji yakiwa salama, hesabu wanga. Chukua fomula yako na kalamu. Tuseme katika kilo 100 za chakula umeweka unga wa mahindi kilo 30, unga wa muhogo kilo 15 na pumba za mpunga kilo 20. Mahindi yana wanga takriban 70%, kwa hiyo hapo pana kilo 21. Muhogo una takriban 80%, kilo 12. Pumba za mpunga hutofautiana sana. Ukizihesabu kwa 25% unapata kilo 5. Jumla ni 38%. Perege mkubwa atajitahidi. Kifaranga cha gramu 3 hatafika popote na hicho chakula, na kambale atanenepa tumbo badala ya mwili. Wengi hawajawahi kufanya hesabu hii, kwa kuwa kila kiungo kinaonekana kidogo kikiwa peke yake.

Kisha angalia kama wanga umepikwa. Mshike samaki aliyekula saa kadhaa zilizopita, mkamue taratibu kuelekea tundu la haja, kinyesi kidogo kidondoke kwenye sahani nyeupe. Dondosha tone la aidini uliyoizimua kwa maji. Kikigeuka bluu inayokaribia weusi, wanga mwingi unapita bila kumeng'enywa. Kikibaki na rangi ya hudhurungi ya aidini, wanga unameng'enywa na tatizo liko mbele ya utumbo, yaani kwenye damu na ini. Ni kipimo cha dakika mbili, na kimewaokoa wengi wasibadilishe viungo visivyo na kosa.

Wanga mbichi kwa perege na kapi hurekebishwa kwa kupika: pika unga uwe uji mzito, uuache upoe, ndipo uchanganye na vingine. Vitamini C na kimeng'enya cha fitesi (kinachofungua fosforasi ya mimea) viingie baada ya uji kupoa, maana joto huviharibu. Ila kwa samaki wala nyama tahadhari. Kupika kunaufanya wanga umeng'enyeke haraka, na sukari yote hiyo inaishia kwenye damu isiyojua kuishusha. Kwao dawa ni kuupunguza wanga.

Gawa pia milo. Perege aliyekuwa akila mara mbili kwa siku apewe kiasi kilekile kwa mara nne hadi sita. Sukari inaingia kwa vipande vidogo na mwili unapata nafasi ya kuitumia. Huhitaji kununua chochote, na mimi huanza hapa kabla ya kugusa fomula.

Ikiwa yote hayo yako sawa, sasa ndipo tufike kwenye madini, na la kwanza ni fosforasi. Seli haiwezi hata kuanza kuvunja glukosi bila kuifunga fosfati, na nguvu yote inayopatikana hubebwa kwenye vifungo vya fosfati. Kapi waliokosa fosforasi kwenye majaribio walikua polepole, wakajaa mafuta mwilini, na vimeng'enya vya ini vinavyotengeneza sukari mpya viliongezeka. Yaani upungufu wa fosforasi unaonekana kama ugonjwa wa wanga.

Utaniambia chakula chako kina fosforasi ya kutosha. Pengine karatasi ya mfuko inasema hivyo. Lakini takriban theluthi mbili ya fosforasi iliyomo kwenye nafaka, pumba na mashudu imefungwa kwenye fiteti, yaani umbo ambalo mmea huhifadhia fosforasi yake, na samaki hana kimeng'enya cha kuifungua. Na hata ile ya madini haifanani. Kapi hana tumbo lenye tindikali, kwa hiyo hufyonza takriban 94% ya fosforasi ya monokalisi fosfeti, 46% ya dikalisi fosfeti, na 13% tu ya trikalisi fosfeti. Trauti, mwenye tumbo la tindikali, hupata takriban 64% kwenye hiyo trikalisi. Fosforasi ya unga wa mifupa iko karibu na hiyo trikalisi, basi kwa kapi unga huo ni karibu sawa na mchanga. Perege na kambale wana tumbo la tindikali na hali yao ni nafuu, ingawa monokalisi bado ndiyo bora kwa wote.

Samaki wengi wanahitaji fosforasi inayofyonzeka kati ya 0.3 na 0.8% ya chakula. Ukitaka kuongeza 0.3%, na monokalisi fosfeti yako ina fosforasi 22%, utahitaji kilo 1.4 hivi kwa kila kilo 100. Usizidishe kwa kudhani ziada haina hasara. Fosforasi isiyofyonzwa huingia majini, maji yanakuwa mazito ya kijani, na oksijeni ya alfajiri inaanguka. Njia nyingine ni fitesi, yuniti 500 hadi 1,000 kwa kilo ya chakula, ikinyunyizwa baada ya chakula kupoa.

Swali moja linabadilisha yote haya: samaki wako wapi? Walio kwenye bwawa la kijani wakiwa wachache hujiokotea madini kwenye viumbe vidogo vya majini. Walio kwenye tangi au kizimba wakiwa wamesongamana wanategemea mkono wako peke yake. Upungufu wa madini kwenye bwawa la kijani lenye samaki wachache ni wa nadra, na anayekuuzia madini kwa bwawa hilo anapaswa kukuonyesha kipimo kwanza.

Dalili ya pili: tumbo nene, ini kubwa na lililopauka

Fungua tumbo kwa kupasua kutoka tundu la haja kwenda kooni, bila kuzamisha kisu. Ini zima lina rangi nyekundu ya hudhurungi na kingo zake ni nyembamba. Ini lililoelemewa limevimba, kingo zimekuwa butu, rangi ni ya udongo mweupe au siagi, na ukiligusa kwa kidole linabonyea na kukatika kirahisi.

Lipime. Gawa uzito wa ini kwa uzito wa samaki, kisha zidisha kwa 100. Samaki wa gramu 250 mwenye ini la gramu 9 ana 3.6%. Mwenzake mzima wa gramu 250 mwenye ini la gramu 4.5 ana 1.8%. Linganisha na samaki wako mwenyewe, usilinganishe na namba ya bwawa la mtu mwingine, maana aina, umri na majira hubadilisha kiwango.

Halafu kata kipande kidogo ukiweke kwenye glasi ya maji. Kikielea, kimejaa mafuta. Kikizama ilhali kimepauka, dondosha aidini juu ya mkato: rangi ya hudhurungi iliyoiva, kama mninga, inaashiria glikojeni, yaani sukari iliyowekwa akiba. Si kipimo cha maabara, ila kinakupa mwelekeo.

Vyanzo, kwa kufuatana:

1. Wanga mwingi kuliko anavyoweza kutumia. Glikojeni imejaa. Punguza wanga kwa hesabu ile ya juu, gawa milo, na usiwalishe mpaka wakatae. Pasua tena baada ya wiki tatu au nne.

2. Chakula kingi kwa ujumla, hasa maji yakipoa. Mwili unapungua kasi lakini mkono wa mlishaji haupungui.

3. Mafuta yaliyochacha. Nusa chakula kikiwa kimefikichwa mkononi. Harufu ya rangi ya mbao au mafuta yaliyokaangiwa mara nyingi inatosha kukuambia. Ini huwa na rangi ya njano ya kutu badala ya weupe, na damu huwa nyepesi. Tupa chakula hicho.

4. Ukungu. Mahindi na mashudu yaliyolowa huzaa sumukuvu, na ini ndilo linaloumia kwanza. Kukaanga au kupika hakuiondoi.

5. Upungufu wa fosforasi, hasa kama mafuta yamejaa pia kuzunguka matumbo na mifupa ni laini.

Simama hapa na uite daktari wa mifugo ikiwa ini lina vinundu, madoa ya damu au sehemu zilizooza, au ikiwa kuna maji tumboni na macho yametoka nje. Hayo yanaweza kuwa maambukizi, na kubadilisha chakula kutakupotezea siku ambazo samaki hawana.

Dalili ya tatu: wanakufa baada ya kuvuliwa, kupangwa au kuhamishwa

Mara nyingi walikuwa wameshiba. Wafungishe, yaani uwanyime chakula, saa 24 kabla ya kuwashika, na hewa iwepo kwenye chombo. Ikiwa ulifanya hivyo na bado wamekufa, rudi kwenye ini. Trauti wenye ini lililovimba kwa glikojeni wameonekana kuchelewa kupona hata kwenye dawa ya usingizi, kwa sababu ini hilo halisafishi mwili inavyotakiwa. Samaki wa namna hii huonekana mzima mpaka siku unapomshika.

Kuna jambo hapa ninaloomba lisomwe mara mbili. Majaribio ya miaka ya 1980 kwa trauti yalionyesha kwamba waliolishwa wanga mwingi walistahimili shaba ya kwenye maji kidogo kuliko wenzao, na pia walidhurika zaidi na seleni ya kwenye chakula. Sasa fikiria mfugaji mwenye samaki wa ini bovu anayemwaga salfeti ya shaba kuua mwani au vimelea. Kipimo ambacho mwaka jana hakikuua kitu, mwaka huu kinaua. Maji laini yenye chokaa kidogo yanaongeza hatari hiyo. Usitumie shaba kwa samaki ambao hujawapasua na kuona ini, na usikadirie kipimo kwa macho.

Dalili ya nne: mgongo umepinda, kichwa kina umbo baya, taya ni laini

Uliza lini ilianza. Ikiwa vifaranga walikuja hivyo, chanzo kiko kituo cha kutotoleshea: joto la mayai, uzazi wa ndugu kwa ndugu, au ushikaji mbaya. Ikiwa walikuwa wanyoofu na wamepinda wakikua, fosforasi na vitamini C ndizo za kwanza kushukiwa. Bonyeza kifuniko cha matamvua kwa kidole gumba. Kikikunjika kama karatasi badala ya kukaza, mifupa haina madini ya kutosha. Mgongo ukivunjika na kuvuja damu ndani huku kifuniko kikiwa kigumu, elekea kwenye vitamini C, hasa kama chakula kimekaa ghalani kwa miezi.

Usikimbilie chokaa. Samaki hujichukulia kalisi majini kupitia matamvua. Fosforasi ndiyo asiyoipata huko, na lazima itoke kwenye chakula. Nimekutana na mabwawa yaliyowekewa chokaa mara tatu kwa ajili ya mifupa iliyopinda. Maji yalibadilika, mifupa haikubadilika.

Aliyekwisha pinda hanyooki. Unachorekebisha ni kundi linalofuata na wale ambao bado hawajapinda. Uhakika hupatikana maabara kwa kupima majivu ya mfupa au kwa picha ya eksirei.

Dalili ya tano: macho meupe, mapezi yanamomonyoka

Macho yote mawili yakiwa na ukungu ndani ya lenzi, shuku zinki. Jicho moja tu, shuku jeraha. Zinki imo pia kwenye uhifadhi wa insulini, na vifundo vya kongosho ya samaki vina zinki nyingi, kwa hiyo upungufu wake unagusa pia upande wa sukari.

Kambale wa majaribio alitosheka na miligramu 20 kwa kilo ya chakula safi, lakini chakula kilipokuwa na fiteti nyingi alihitaji kufikia 150. Ndiyo maana premiksi iliyotosha kwa chakula cha unga wa samaki haitoshi ukihamia soya na pumba. Mangani nayo huleta macho meupe na mwili mfupi. Kapi na trauti huhitaji kama miligramu 13. Kabla ya madini haya yote, angalia vimelea wa macho, ambao huonekana kwa darubini ya kawaida.

Dalili ya sita: wamelegea, hawataki chakula, misuli ni laini

Maji tena kwanza: oksijeni, amonia, joto. Magnesi inafuata, kwa kuwa vimeng'enya vingi vya kuvunja glukosi haviendi bila magnesi iliyoshikana na fosfati ya nguvu. Mahitaji ni miligramu 400 hadi 600 kwa kilo. Baharini maji yenyewe yanatosheleza. Kwenye maji yenye chumvi na madini kidogo mno, kama ya mvua, chakula kinabeba mzigo wote. Viungo vya mimea kwa kawaida vina magnesi ya kutosha, kwa hiyo upungufu huu si wa mara nyingi. Mtetemeko au kifafa majini si jambo la kusubiri. Ita daktari siku hiyohiyo.

Dalili ya saba: kipima sukari kinasoma juu

Kabla ya kuamini namba, angalia ulivyoipata. Samaki akishtuka, homoni za mshtuko humwaga sukari kwenye damu ndani ya dakika chache. Nimesimama kando ya tangi ambapo samaki kumi walichotwa kwa wavu mmoja, wakawekwa kwenye ndoo, wakapimwa mmoja mmoja. Wa kumi alisoma zaidi ya mara mbili ya wa kwanza. Wote walikuwa wamekula chakula kimoja. Kilichopimwa pale kilikuwa ndoo.

Njia salama: wafungishe saa 24, chota mmoja, toa damu kwenye mkia ndani ya dakika tatu, mrudishe, subiri maji yatulie kabla ya kuchota mwingine. Kifaa cha binadamu husoma damu ya samaki chini ya kipimo cha maabara, kwa hiyo kitumie kulinganisha kundi na kundi tu. Kundi likibaki juu baada ya kufunga na kushikwa kwa utulivu, rudi kwenye dalili ya pili.

Dalili ya nane: umeweka kromiamu na hakuna kilichobadilika

Mwaka 1959 watafiti Klaus Schwarz na Walter Mertz walieleza kwamba kromiamu iliwasaidia panya kutumia glukosi. Wazo likahamia kwa mifugo, kisha kwa samaki. Matokeo kwa samaki hayakubaliani. Perege chotara waliolishwa glukosi tupu walinufaika. Kwa wanga wa kawaida faida imekuwa ndogo au ya kubadilikabadilika. Trauti kwenye majaribio kadhaa hawakuonyesha nafuu. Hakuna mfugaji anayelisha glukosi tupu, kwa hiyo kutoona mabadiliko hakumaanishi umekosea.

Lakini yawezekana pia umekosea, na kosa la kawaida ni vipimo. Majaribio mengi yametumia kromiamu isiyozidi miligramu 2 kwa kilo. Kromiamu pikolinati ina kromiamu halisi takriban 12.4%. Ukitaka miligramu 1 kwa kilo, kilo 100 za chakula zinahitaji gramu 0.8 za unga huo. Mizani ya jikoni haiwezi kuuona uzito huo. Unahitaji mizani inayosoma sehemu ya mia ya gramu, kisha uchanganye kwa ngazi: gramu hiyo kwenye gramu 100 za unga laini, hizo kwenye kilo 2, hizo kwenye kilo 20, ndipo kwenye mzigo wote. Ukimwaga moja kwa moja, samaki wachache hula dozi ya wote.

Kosa la pili ni aina. Oksidi ya kromiamu, ule unga wa kijani, sehemu yake kubwa hupita na kutoka. Watafiti huitumia kama alama ya kupimia umeng'enyaji kwa sababu hiyohiyo.

Hatari halisi ni rangi nyingine. Pikolinati ni nyekundu iliyoiva. Unga wa njano au wa rangi ya chungwa unaouzwa kama kromiamu unaweza kuwa kromati au daikromati ya viwandani, ambayo ni sumu na husababisha saratani. Usiuguse kwa mkono mtupu, usiuvute puani, usiumwage bwawani. Ufunge na uitaarifu mamlaka ya kemikali.

Ushauri wangu: usiguse kromiamu mpaka wanga, upishi, milo, fosforasi na zinki viwe sawa. Wanaofika hapo mara nyingi hukuta hawana tena tatizo la kuitafutia kromiamu.

Dalili ya tisa: hali iliharibika baada ya kuongeza madini

Acha nyongeza leo. Usijaribu kuisawazisha kwa madini mengine, maana kalisi nyingi huzuia zinki na zinki nyingi huzuia shaba. Utakuwa unakimbizana na kivuli. Rudi kwenye chakula cha zamani au wafungishe siku moja.

Seleni ndiyo inayonitia hofu kuliko zote. Samaki wanahitaji takriban miligramu 0.15 hadi 0.4 kwa kilo, na trauti walidhurika kwenye miligramu 13. Pengo hilo linavukwa kwa kukosea nukta ya desimali kwa nafasi mbili. Ukiwa na premiksi mbili zenye seleni kwenye fomula moja, toa mojawapo, na kama vifo vinaendelea baada ya siku mbili, acha kujitibia na umwite mtaalamu wa afya ya samaki. Wala usiwauze au kuwala samaki hao kabla hajasema.

Akiwa njiani, mtayarishie sampuli. Nusu kilo ya chakula kilekile walichokula, kikiwa kimefungwa na tarehe juu. Lebo za premiksi zote, hata zilizochanika. Samaki watatu wanaokaribia kufa, wakiwa kwenye barafu bila kugandishwa, kwa sababu aliyekufa tangu asubuhi ini lake limeshaharibika. Na kama una fomalini ya 10%, kipande cha ini kisichozidi unene wa sentimita moja, kwenye fomalini yenye ujazo mara kumi ya hicho kipande, na glavu mkononi.